ELFU KUMI NA TATU ZILIKWENDA WAPI?
Somo la kusoma hesabu za chama

Kwa kawaida kurasa hizi huwa za ngeli, methali na uchambuzi wa vitabu vya fasihi, nami najua wengi wenu mkiona tarakimu mtafunua ukurasa upesi mwende kwenye vitendawili. Ngojeni kidogo. Makala haya ni ya hesabu, naam, lakini ni hesabu za chama chetu wenyewe cha Kiswahili, na ndani yake mna jina la mtu tulilolichafua bure. Mimi pia nililichafua.

Nilichaguliwa kuwa mweka hazina Januari 2025, nikiwa Kidato cha Tatu. Sikugombea. Mlezi wetu aliuliza nani yuko tayari, kila mtu akainama kufunga kamba za viatu, mimi nikachelewa kuinama. Basi nikakabidhiwa sanduku la bati lenye kufuli, vitabu viwili vya stakabadhi, na daftari la fedha lenye jalada jeusi lililoanzia mwaka wa 2017. Aliyenikabidhi ni dada mmoja aliyekuwa ameishika kazi hiyo miaka miwili mfululizo, 2023 na 2024. Alinionyesha kila kitu kwa upole, tukahesabu pesa pamoja, akatia sahihi, akaenda zake. Hakurudi tena kwenye mikutano ya chama mwaka huo wote.

Sababu kila mtu aliijua. Alipolichukua sanduku, salio lilikuwa shilingi 38,200. Aliponikabidhi, lilikuwa shilingi 24,900. Toa hii kwa ile, unapata 13,300. Huko mabwenini alikwisha kubatizwa jina "Kumi na Tatu". Ati amekula doo (mnisamehe Sheng, ndivyo ilivyosemwa). Akipita bwaloni na sahani yake, mtu mmoja anaanza kuhesabu kwa sauti, "kumi na moja, kumi na mbili...", na meza nzima inamalizia. Mimi nilikuwa nikikaa katika meza hiyo.

Likizo ya Aprili nilikwenda kwa nyanya yangu mzaa mama. Yeye ni mweka hazina wa chama cha akina mama kijijini, na miaka yote nimekuwa nikiona lile sanduku lao la chuma bila kulitilia maanani. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa akina mama watatu tofauti, hivi kwamba hakuna awezaye kulifungua peke yake. Siku hiyo walipolifungua nikaona ndani mna mifuko miwili ya kitambaa. Mmoja ni wa akiba na mikopo. Wa pili wanauita mfuko wa jamii, yaani pesa za ugonjwa na matanga. Mama mmoja alitaka kukopa zaidi kidogo, na mfuko wa akiba ukawa haumtoshi. Ule wa jamii ulikuwa umejaa, lakini hakuna aliyethubutu hata kuutazama. Mama wa watu akaambiwa arudi mwezi ujao.

Jioni tukichambua maharagwe nikamsimulia Nyanya kisa cha Kumi na Tatu, nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Hizo thelathini na nane zilikuwa za nani?" akauliza.

"Za chama, Nyanya."

"Zote?"

Nikanyamaza, kwa maana sikujua. Akaniambia, "Mjukuu wangu, nenda ukaulize daftari. Mtu atakudanganya kwa kusahau, hata kama ni mwema. Daftari lililoandikwa siku ile ile halisahau."

Shule ilipofunguliwa nilikaa na lile jalada jeusi Jumapili mbili nzima. Nilijumlisha kila ukurasa upya, kwani watangulizi wetu wengine hawakuwa marafiki wa kujumlisha, kisha nikaweka miaka yote pamoja. Haya ndiyo niliyoyapata, kwa shilingi. Salio la mwisho wa 2017 lilikuwa 18,400.

Mwaka: mapato, matumizi, salio
2018: 46,200, 41,700, 22,900
2019: 48,500, 44,300, 27,100
2020: 9,600, 5,200, 31,500
2021: 31,000, 38,900, 23,600
2022: 58,400, 43,800, 38,200
2023: 47,900, 52,600, 33,500
2024: 49,300, 57,900, 24,900

Hebu itazame safu ya mwisho peke yake, jinsi sisi sote tulivyoitazama. Utasema chama kilinawiri mpaka 2020, kikajikwaa kidogo, kikafikia kilele 2022, kisha akaja mtu akakimaliza. Sasa nitakuonyesha kuwa karibu kila neno katika sentensi hiyo ni la uongo.

Anza na 2020. Salio ni 31,500, kubwa kuliko miaka yote iliyotangulia. Lakini ni nani asiyejua mwaka huo? Shule zilifungwa katikati ya Machi kwa ajili ya korona. Kidato cha Nne walirejea Oktoba, sisi wengine (mimi nikiwa bado shule ya msingi) tukakaa nyumbani mpaka Januari 2021, ila wachache wa madarasa ya mtihani. Hapakuwa na jarida wala kongamano, na hata mjadala wa Ijumaa haukuwapo. Ada zilikuwa zimelipwa na wachache katika majuma yale ya mwanzo wa muhula, na hakukuwa na cha kuzitumia. Ndiyo maana sanduku lilinenepa. Mtu asiyekula naye huokoa pesa za unga, lakini huwezi kumwita mzima. Kwa hiyo salio lisisomwe bila kuuliza chama kilifanya nini mwaka huo.

Sasa 2022, mwaka wa keki. Wakubwa wetu wanasimulia kwamba mwisho wa mwaka huo ilinunuliwa keki, na mweka hazina wa wakati huo akapewa cheti mbele ya gwaride. Mapato 58,400! Lakini soma mstari mmoja wa mwezi wa Septemba. Umeandikwa kwa mwandiko wa haraka: "Mgeni wa heshima, mwanafunzi wa zamani, 20,000, ya vitabu vya maktaba ya chama." Ya vitabu. Mgeni hakutupa pesa za soda wala za basi. Alitupa vitabu, ila vilikuja vikiwa na umbo la noti. Na mwaka huo hakikununuliwa hata kitabu kimoja. Pesa zote 20,000 zililala ndani ya sanduku zikichanganyika na za kwetu, nasi tukaziimbia.

Ziondoe. Mapato ya kweli ya 2022 yanabaki 38,400, ilhali matumizi ni 43,800. Hiyo ni nakisi ya 5,400. Mwaka wa keki na cheti ndio mwaka chama kilipotumia kuliko kilichopata.

Halafu fuata zile 20,000 zilikokwenda. Mwaka 2023 yule dada alinunua kamusi za shilingi 8,000. Mwaka 2024 akanunua riwaya, tamthilia na diwani za shilingi 12,000. Stakabadhi za duka zipo, zimebanwa kwa pini nyuma ya daftari, na vitabu vyenyewe viko kwenye kabati mnaloazimia kila Jumatano. Alifanya tu kile ambacho mgeni aliagiza. Ukiyatoa manunuzi hayo katika matumizi, yaani ukiangalia pesa zetu wenyewe tu, mwaka 2023 chama kilipata 47,900 kikatumia 44,600, ziada 3,300. Mwaka 2024 kilipata 49,300 kikatumia 45,900, ziada 3,400.

Yaani alipolichukua sanduku, pesa zilizokuwa zetu kwa hakika zilikuwa 18,200. Aliponikabidhi zilikuwa 24,900. Aliongeza 6,700. Huyo ndiye tuliyekuwa tukimhesabia kumi na moja, kumi na mbili bwaloni.

Nilitaka kujua aliwezaje, maana bei hazikushuka. Majibu yako humo humo daftarini, mstari kwa mstari. Soda za kamati, ambazo zilikuwa zikinywewa kila mkutano, zinaonekana mara ya mwisho Februari 2023. Basi la kwenda kongamano, ambalo 2022 tulikodi peke yetu kwa shilingi 14,000, yeye aligawana na chama cha mazingira waliokuwa wakienda upande ule ule, akalipa 8,500. Labda hizo soda ndizo zilizomponza. Kamati isiyokunywa haina haraka ya kumtetea mtu.

Sasa nigeukie upande wangu, kwani nisije nikaonekana hakimu. Mwaka 2025, mwaka wangu mimi, mapato yalikuwa 38,700 na matumizi 43,900. Salio likashuka kutoka 24,900 hadi 19,700. Kwa kipimo cha bwaloni, nami nimekula 5,200. Niiteni Tano na Mbili. Ila kabla hamjaniita, tuulize tena.

Jambo la kwanza ni watu. Mnakumbuka kwamba mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa 2023, na waliofuata wakabaki sekondari ya chini mpaka wamalize gredi ya tisa. Kidato cha Kwanza cha mwisho kiliingia 2024. Mwaka 2025 hakikuingia kidato kipya kabisa, nchi nzima. Kila chama cha shule kilipoteza Kidato cha Nne kwa mlango mmoja, na mlango wa pili haukufunguliwa. Sisi tulikuwa wanachama 160 mwaka 2024. Waliomaliza walikuwa 44, waliohamia kutoka shule nyingine 2, tukabaki 118. Kwa ada ya shilingi 100 kwa mwaka, hiyo ni 4,200 iliyopotea bila mtu yeyote kukihama chama. Hili tungeliona mapema kama tungekaa na kalenda, kwa sababu lilijulikana miaka kabla. Hatukukaa.

Jambo la pili ni hili jarida unalolisoma, na hapa naomba uangalie vizuri kwa kuwa limenishangaza kuliko yote. Mwaka 2018 tulichapisha nakala 200 kwa shilingi 85 kila moja, tukaziuza 100. Kila nakala iliingiza shilingi 15. Mwaka 2024 bei ya mchapishaji ilikuwa 130. Mwaka 2025 ikawa 135, nakala 140, jumla 18,900. Sisi bado tunauza kwa 100, tangu enzi hizo! Kila nakala inayonunuliwa inatutoa shilingi 35. Nakala zote 140 zikiisha, tumepoteza 4,900, na siku hiyo ndiyo tunayopiga makofi na kusema jarida limevuma. Ukiuza kwa hasara, kuuza sana si dawa. Na ada nayo ni ile ile ya 2017. Wakati wa 2018 ada ya mwanachama mmoja ilitosha kuchapa nakala yake moja na kubakisha kitu. Leo haitoshi hata nakala hiyo.

Jambo la tatu ni deni. Kati ya zile 18,900 za mchapishaji, mwaka 2025 tulilipa 12,400 tu. Zilizobaki, 6,500, alikubali kungoja. Daftari letu halikuliona deni hilo kwa sababu ni daftari la fedha taslimu: huandika shilingi iliyoingia na iliyotoka, na ahadi haina safu. Watu wa biashara walikwisha tatua shida hii kitambo. Mtawa Mwitalia aitwaye Luca Pacioli alichapisha mjini Venice mwaka 1494 kitabu cha hisabati ambamo alieleza namna ya kuandika kila jambo la fedha pande mbili, unachopokea na unachodaiwa kwacho. Chama cha shule hakihitaji kufika huko, lakini ukurasa mmoja nyuma wenye kichwa "Tunadaiwa" na mwingine "Tunadai" unatosha, nasi sasa tunazo. (Katika "Tunadai" mna nakala 23 zilizochukuliwa kwa mkopo na marafiki wa wanakamati. Shilingi 2,300. Mimi sizihesabu kamwe mpaka nizishike.)

Kwa hiyo matumizi yangu ya kweli ya 2025 ni 50,400, na nakisi yangu ya kweli ni 11,700.

Kuna na kichekesho kimoja. Ndani ya sanduku mlikuwa na bahasha iliyogundishwa kwa gundi, juu yake imeandikwa "DHARURA 1,000", mwaka 2018. Kila mweka hazina aliihesabu kama shilingi elfu moja bila kuifungua, nami nilifanya hivyo na yule dada tulipokabidhiana. Oktoba 2025 ikatokea dharura ya kweli, dereva alidai nyongeza ya mafuta. Nikaifungua kwa fahari, nikatoa noti, mwenye duka akaitazama akacheka mpaka akakaa. Ilikuwa noti ile ya zamani ya elfu moja. Benki Kuu ilizindua noti mpya mwaka 2019 na kutoa mwisho wa tarehe 30 Septemba mwaka huo wa kuirudisha ile ya elfu. Baada ya hapo si pesa tena. Miaka sita tumekuwa tukiandika salio lenye karatasi isiyonunua hata peremende. Mlezi alinifundisha namna ya kuiandika: hasara, 1,000.

Sasa chukua salio langu 19,700, toa noti mfu, 18,700. Toa deni la mchapishaji, 12,200. Hizo ndizo zetu. Je, ni nyingi au ni kidogo? Tarakimu peke yake haisemi. Kipimo nilichojifunza kwa Nyanya ni kuuliza: kusipoingia hata senti, tutaishi kwa muda gani? Yeye huhesabu kwa miezi, mimi nikahesabu kwa mihula. Gawanya matumizi ya mwaka kwa tatu. Mwaka 2019 muhula mmoja uligharimu karibu 14,800, nasi tulikuwa na 26,100 zilizo hai bila deni daftarini. Tungeishi muhula mmoja na robo tatu hivi. Mwisho wa 2025 muhula uligharimu 16,800, nasi tulikuwa na 12,200. Hazifiki robo tatu za muhula mmoja. Hiyo ndiyo afya ya chama chetu, na haikuanza kudhoofika mwaka 2023. Ilianza siku bei ya kuchapa ilipoipita bei ya kuuza na hakuna aliyeinua mkono.

Nirudi kwa yule dada. Nilimaliza kuyajua mambo ya zile elfu ishirini mwezi Mei. Sikumwambia mtu mpaka Oktoba. Nilijiambia kwamba nahakikisha hesabu, lakini hesabu nilikuwa nimeihakikisha mara tatu. Ukweli ni kwamba niliogopa kuitwa wakili wa Kumi na Tatu, na meza yangu bwaloni nilikuwa naipenda. Nilipomwendea hatimaye alikuwa nje ya maktaba na karatasi za mtihani wa mwigo, majuma machache kabla ya mtihani wa kitaifa. Nikamwonyesha jedwali. Akalitazama kidogo tu.

"Mimi haya niliyasema mkutano wa kukabidhi," akasema. "Nilikuja na stakabadhi zote. Mwenyekiti akasema muda umekwisha, watu wakaondoka kwenda kula."

Nikakumbuka. Ilikuwa Ijumaa ya githeri na parachichi. Nami niliondoka.

Nikamwomba radhi. Akasema sawa, akauliza kama kamusi bado zinaazimwa, nikamwambia ndiyo, akarudi kwenye karatasi zake. Sasa ameshamaliza shule, na ninaandika haya katika jarida ambalo yeye huenda asilione, ingawa nimeomba nakala moja itumwe kwao kwa njia ya mlezi.

Mkutano wa kwanza wa mwaka huu wa 2026 jedwali lote liliandikwa ubaoni kabla ya ajenda nyingine, na mlango ukafungwa mpaka likasomwa lote. Kulikuwa na kelele. Mmoja alisema mimi najitetea nakisi yangu kwa kumtumia dada aliyeondoka. Ni swali la haki, nami nikamjibu kwa kumpa daftari akajumlishe mwenyewe. Alilirudisha baada ya juma moja akiwa amepata kosa langu la shilingi 50 mwezi wa Julai, ambalo nimekwisha kulilipa kutoka mfukoni.

Yaliyopitishwa ni haya. Ada imepanda kutoka 100 hadi 150, baada ya mabishano marefu, na wasioweza watamwona mlezi kimyakimya. Gredi ya Kumi wamejiunga 51, kwa hiyo baada ya kuondoka 47 tumekuwa 122. Wote wakilipa ni 18,300. Jarida hili, kama ulivyoona jaladani, ni shilingi 150. Mchapishaji atalipwa deni lake kwanza kabla ya basi lolote kukodiwa. Pesa yoyote inayotolewa na mgeni kwa kazi maalumu itakaa katika bahasha yake, na itaandikwa ukurasa wake, na bahasha zote zitafunguliwa kila mwisho wa muhula mbele ya watu watatu.

Ile noti ya elfu nimeibandika ndani ya jalada la daftari jipya. Daftari lenyewe liko kwa mlezi, na yeyote anayetaka kulisoma aje Jumatano saa kumi na moja jioni, wakati wa kuazima vitabu. Waliochukua zile nakala 23 za 2025 waje pia.

Mweka Hazina, Kidato cha Nne